Ofisi ya Mwenye Eda

Wapo watu hapa Mlandege, Iringa, wanaosema dada yangu Mwanakhamisi alimfukuza Mzungu wa kodi. Uongo mtupu. Alimwomba atoke, tena alimwomba kwa adabu ambayo hao wasemaji hawajawahi kuwaonyesha hata wakwe zao. Mimi nilikuwepo, na anayetaka kubisha na aje barazani kwangu abishe.

Mume wa dada, shemeji yangu Ahmadi, alikuwa mfanyabiashara wa mpunga na maharage. Mpunga aliununua kwa watu wa Idodi, maharage kwa watu wa milimani, na vyote alivipakia kwenye lori kwenda Mbeya, ambako mdogo wake Othmani alikuwa na duka. Ahmadi alifariki ghafla mwaka ule wa hamsini na tatu, kiangazi kikielekea ukingoni, Mungu amrehemu. Alimwacha dada na mabinti wawili wadogo. Dada akaingia eda kama ilivyo desturi yetu: miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, hajipambi, hajitii manukato, wala hakai uso kwa uso na wanaume wasio maharimu wake.

Othmani alikuja msibani na begi dogo, na baada ya hitima begi halikurudi Mbeya. Alichukua funguo za ghala la sokoni akasema, "Shemeji apumzike na eda yake. Mambo ya biashara niachieni mimi." Si mtu mbaya Othmani. Ni mtu anayependa kukalia kiti cha mwenye mali bila kujua kwamba kiti hicho kina kunguni. Alifungua ghala alipotaka na kufunga alipochoka, na akienda kuswali adhuhuri, usimtafute mpaka baada ya alasiri.

Wakulima walioshusha magunia yao sokoni wakakuta kufuli. Wakaanza kuulizia nyumba ya marehemu. Wa kwanza alipobisha hodi, dada alikuwa ndani akikunja nguo za watoto. Alinituma mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nimwambie ghala litafunguliwa kesho. Kabla sijafika mlangoni akaniita.

"Ngoja, Matano. Mwambie akupe mpunga kiganjani, uniletee."

Nikauleta. Akatafuna punje, akainusa ile iliyobaki, akataja bei. Mkulima akakubali palepale. Mambo yalianzia hapo, kwa kiganja kimoja cha mpunga, na mimi nilidhani ni ya siku ile tu.

Haukupita muda dada akaamuru chumba cha mbele kitolewe kitanda. Ni chumba chenye dirisha linalotazama barazani, na marehemu alikuwa akilaza humo wageni wake. Akaingiza meza, mizani, na vifuko vya sampuli, akatundika kitambaa kizito dirishani. Mimi nikahamisha cherehani yangu kutoka sokoni nikaiweka barazani, chini ya dirisha hilo, niwe karibu naye. Wakulima walikaa nje, yeye ndani, na sauti yake ikapita kwenye kitambaa. Wazee wawili watatu walinung'unika: sauti ya mwenye eda isikike mpaka barabarani? Shehe akaulizwa. Akasema haja ina hukumu yake, na kwamba yatima hawali manung'uniko. Wakanyamaza, ingawa nyuso zao hazikunyamaza.

Nami nilikuwa nikishona huku nikisikiliza, na mara nyingi nilijikuta nimeacha kushona. Huyu alikuwa dada yangu niliyekua naye, ambaye nilidhani namjua kuanzia unyayo hadi utosi. Kumbe miaka yote Ahmadi alipokuwa akirudi jioni na kumsimulia habari za sokoni, alikuwa hamsimulii mtu wa kuitikia tu. Mpunga wenye unyevu aliukataa, lakini hakumkata mtu maneno. "Baba, huu umeloa. Uanike uani kwangu, jua likitoka, kisha tuzungumze." Mtu aliyekuja kwa ukali aliondoka akimwombea dua. Niseme nini zaidi? Nilimwonea fahari mpaka nikaona haya, maana fahari hiyo ilinijia nikiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Mwaka ulipokwisha ikaja habari ya kodi ya mapato. Danieli, karani mmoja wa Kihesa, Mlutheri aliyekuwa rafiki wa marehemu, alikuja na fomu akakaa barazani akaanza kumsomea dada kupitia dirishani. Alieleza kwamba kabla ya kutoza kodi, Serikali inakubali kuondoa gharama za kuchuma mapato: pango la ghala, ukodishaji wa lori, magunia.

"Na chumba hiki?" dada akauliza.

Danieli akakuna kichwa. "Mama, kikiwa ni ofisi, sehemu yake ya pango la nyumba inaondolewa. Na mafuta ya taa yake. Ila sheria yao ni ngumu. Kiwe chumba cha kazi tu. Mtu asilale humo, asile humo, wala wasipokelewe wageni."

"Ni cha kazi tu. Andika."

Mimi nikacheka. Hiyo nafuu ilikuwa ndogo mno. "Dada, kwa hela hiyo hata jogoo mzima hupati."

"Sitafuti jogoo, Matano," akasema. "Othmani amewaeleza watu wa kodi kule Mbeya kwamba biashara anaiendesha yeye, na mimi niko ndani nimekaa eda. Wakikubali kwamba hapa ni ofisi, watakuwa wamekubali kwamba ofisini kuna mtu."

Hapo kicheko kikanikauka. Leseni ya biashara ya marehemu ilikuwa imekwisha pamoja na mwaka, na ofisi ya DC ilikataa kutoa mpya mpaka watu wa kodi waseme ni nani hasa anayeiendesha. Akionekana ni Othmani, leseni ni yake, mpunga utahamia Mbeya, na dada na wanawe watahamia chumba cha uani nyumbani kwa Othmani, kwa mke wake ambaye hata chumvi huazima kwa kupima. Akionekana ni dada, atabaki Iringa na atawalea mabinti kwa jasho lake. Yote hayo yalitundikwa juu ya chumba kimoja chenye meza na mizani.

Basi ikaletwa habari kwamba Mzungu wa kodi anatoka Mbeya kuja kujionea mwenyewe. Watu walimwita Bwana Kipimo, kwa sababu alitembea na futi ya kukunja mfukoni na alipoingia kwa mtu hakuketi kabla hajapima ukuta. Danieli alitutumia habari jioni: kesho asubuhi.

Usiku ule binti mdogo wa dada akashikwa na homa, na kulipokucha dada alikuwa bado chumba cha ndani akimkanda kwa kitambaa cha maji. Na hapo ndipo alipoingia shangazi yetu Bibie.

Shangazi Bibie alizaliwa Bagamoyo, na miaka thelathini ya baridi ya Iringa haijamwondolea hata chembe ya Ubagamoyo wake. Alichungulia chumba cha mbele, akaona pumba sakafuni, akashika kiuno.

"Mgeni wa Serikali mtamketisha humu? Juu ya pumba, kama kuku? Mnataka watu waseme ukoo huu haujui mgeni?"

"Shangazi, Danieli alisema..."

"Danieli ndiye aliyekulea?"

Kubishana na shangazi Bibie ni kutwanga maji kwenye kinu. Meza ikaenda uani. Mizani ikaenda uani. Vifuko vikaenda jikoni. Likaja zulia kutoka kwa jirani, ikaja mito ya kutarizi, kikaja kimeza cha shaba na birika la chai ya tangawizi, vitumbua na halua. Kisha shangazi akafukiza udi, udi katika nyumba ya mwenye eda! Chumba kilipendeza, sitakataa. Mtu angeweza kufungia ndoa humo.

Bwana Kipimo akafika na Danieli. Othmani alikuwa nyuma yao, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Danieli alipoona chumba, rangi ilimtoka. Mimi nilimtazama, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaelewa tulichokifanya. Kwetu mgeni akija unampa chumba kilicho bora. Na huyu alikuwa amekuja kuangalia kama chumba hiki si cha wageni.

Bwana Kipimo alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa mekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limekaa mahali pake. Siku ile hakupima ukuta. Shangazi alikuwa amekwisha kumkalisha juu ya mto wa kutarizi na kumtia kitumbua mkononi. Akala, akanywa chai, akatazama zulia, akatazama mito, akavuta harufu ya udi.

"Chai ni nzuri sana," akasema. "Na hiki ni chumba kizuri cha wageni."

"Ndiyo, Bwana," Othmani akadakia haraka. "Hapa ndipo marehemu kaka yangu alipokuwa akipokea wageni. Shemeji yangu yuko kwenye eda. Mwanamke wa eda hatoki, haonani na watu. Sasa biashara ataifanyaje? Kazi iko ghalani, sokoni, na ghalani niko mimi."

Bwana Kipimo akageukia mlango wa ndani, ambako pazia lilikuwa limeshushwa. "Mama, ni kweli huwezi kutoka?"

"Ni kweli, Bwana." Sauti ya dada ilitokea nyuma ya pazia. Alikuwa amekuja kutoka kwa mtoto bila sisi kumsikia. "Matano, meza yangu iko wapi?"

Shangazi Bibie alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika tayari. Danieli alijaribu kueleza kwamba chumba hakiko hivi siku zote, kwamba kimepambwa leo tu kwa ajili ya heshima, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Bwana Kipimo akachukua fomu na kuchomoa kalamu. Nilitaka kumrukia Othmani nimvue ile kanzu, na labda ningefanya hivyo, kama honi ya lori isingelia nje.

Lilikuwa lori la Idodi. Limejaa magunia, halina turubai, na upande wa Kihesa wingu lilikuwa limekwisha kuwa jeusi. Wakulima wakaruka chini. Bartholomeo, Mkatoliki mmoja wa Idodi ambaye sauti yake hufika kabla yake, akaja moja kwa moja dirishani akiamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama! Hodi! Tumeleta mpunga ule tulikuwa tunaufichaga mpaka bei ipande. Mvua hiyo inakuja, mama, na dereva anasema hangoji!"

Othmani akatoka barazani mbio. "Pelekeni ghalani! Sokoni! Funguo hizi hapa ninazo!"

Bartholomeo akamtazama juu na chini kama mtu anayemtazama mdai wa deni asilolijua. "Huko tulishangojaga sana, bwana. Tukija hauko. Sisi tunauzaga hapa kwa mama wa dirisha."

"Mama leo ana mgeni!"

"Basi tutamngoja na mvua," akasema Bartholomeo, lakini alilitazama wingu, na macho yake yalikuwa na hofu. Mpunga ule ulikuwa wa familia nyingi. Ukiloa, umekwenda.

Nilijua dada anafikiri nini, kwa sababu nami nilikuwa nikifikiri hilohilo. Mzungu yuko juu ya mto wake, kikombe mkononi, na fomu gotini. Neno moja lake ndilo litakaloamua. Mtu mwenye akili zake angemwacha amalize chai, angembembeleza, angewaambia wakulima wavumilie kidogo. Miaka ile Mzungu akikaa kwenye kiti chako, kiti kilikuwa chake mpaka aamue mwenyewe kuondoka.

"Bwana," dada akasema nyuma ya pazia, taratibu, bila kutetemeka, "karibu yako iko palepale, na chai yako ni halali yako. Lakini chumba hiki si cha wageni. Ni cha kazi, na kazi imefika. Nakuomba uniwie radhi, uchukue kikombe chako, ukae barazani. Matano, toa zulia. Leteni meza yangu."

Shangazi Bibie alijishika mdomo. "Mwanakhamisi! Mgeni! Na kitumbua hajamaliza!"

"Kitumbua kitamfuata, shangazi. Mpunga haungoji."

Masikio ya Bwana Kipimo yakazidi kuwa mekundu. Alikaa vilevile kidogo, akilitazama lile pazia, nami nikasema moyoni, basi, kwisha habari yetu. Kisha akainuka, akachukua kikombe chake kwa mkono mmoja na fomu kwa mkono mwingine, akainama kwenye kizingiti, akatoka nje. Alikwenda kuketi kwenye stuli yangu, mbele ya cherehani yangu.

Sijawahi kuona chumba kikigeuzwa upesi namna ile. Mito ilirushwa ukumbini. Zulia nililikunja na vitumbua ndani yake. Meza ikaingia, mizani ikaingia, wanaume tukatoka, na dada akaingia kwa mlango wa ndani. Kitambaa cha dirishani kikatikisika.

"Bartholomeo, kamwene. Nipe kiganja cha kila mwenye gunia, upesi upesi, na kila mtu aseme jina lake mwenyewe."

Viganja vikaanza kupita chini ya kitambaa. Sauti ilitaja jina, ikataja bei, ikamruhusu mtu kushusha. Wapo waliojaribu kuomba zaidi. Akawajibu, na mmoja aliyemjibu vizuri alimwongezea. Gunia la mama mmoja mzee aliyeitwa Rozalia lilikuwa limepata unyevu njiani. Dada akalikataa, na kabla mama yule hajaanza kulia, akamwambia lipelekwe ukumbini likatandazwe juu ya lile zulia zuri la jirani, na leo yeye alale hapa mpaka likauke. Shangazi Bibie alisikia habari ya zulia akaenda jikoni asije akaona. Mimi na wakulima tulikuwa tukibeba, jasho likitutoka kwenye ile baridi, na hakuna aliyegongana na mwenzake wala kupaza sauti, kwa sababu sauti ilikuwa moja na kila mtu aliisikiliza.

Bwana Kipimo aliweka kikombe juu ya cherehani yangu. Akamwita Bartholomeo.

"Huyu mnayemuuzia, umewahi kumwona?"

"Hapana, Bwana. Simjui uso."

"Sasa unamwamini vipi mtu usiyemwona?"

Bartholomeo akalishusha gunia begani ili ajibu vizuri. "Bwana, huyu mwingine tunamwonaga uso wake vizuri kabisa, tukibahatika kumkuta. Huyu mama, tukija asubuhi yupo. Tukija jioni yupo. Tukija Jumapili tumetoka kanisani, yupo. Hatujafika hapa siku hata moja tukaambiwa katoka."

Danieli alikohoa kuficha kicheko. Mimi sikuficha changu. Bwana Kipimo hakucheka. Alirudia lile neno la mwisho polepole, "katoka", kisha akakigeuza kichwa chake kulitazama dirisha. Nadhani ndipo alipoelewa kile ambacho Othmani alikuwa amemweleza asubuhi nzima, bila kujua, kwa faida yetu. Huyu hatoki. Katika Iringa yote, ni ofisi gani nyingine iliyokuwa na mtu asiyetoka?

Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Lilibaki gunia moja juu ya lori, kubwa, limeshonwa vibaya, na dereva alikuwa amekwisha kuwasha mashine. Nililishika pembe nikashindwa. Mgongo wangu ni wa fundi cherehani.

"Na wewe, Bwana Othmani," Bwana Kipimo akauliza kwa upole, kalamu ikiwa tayari, "katika biashara hii kazi yako hasa ni ipi?"

Othmani alifungua mdomo. Nilikuwa namtazama, na nakiri kwamba sikuona hila usoni mwake, niliona mtu aliyetafuta jibu kwa dhati asilipate. Na kabla hajalipata, sauti ikatoka dirishani, ile ile iliyokuwa ikiwaita wakulima, haina kisirani wala kejeli.

"Shemeji Othmani, mvua hiyo. Msaidie Matano gunia la mwisho, mpunga wa watu usiloe."

Akaitazama kanzu yake. Akamtazama Bwana. Kisha akaikusanya kanzu kiunoni, akaja kwenye lori, akainama, na tukalibeba gunia lile sisi wawili, yeye mbele, mimi nyuma, pumba zikimwagika kwenye mabega yake meupe. Tulipofika mlangoni mwa kile chumba alisimama. Hakuingia.

"Shemeji," akasema mbele ya kitambaa, mbele ya wakulima, mbele ya Mzungu wa kodi, akihema, "tuliweke wapi?"

Dada akamwelekeza. Danieli akageuka kumweleza Bwana, lakini Bwana alikuwa ameshainama juu ya cherehani yangu, anaandika.